Nilivyotolewa Kwenye Grupu la Harusi Yangu kwa Sababu ya Albamu

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa nne kasoro asubuhi, nilituma sauti ya dakika sita kwenye grupu la WhatsApp la harusi yangu, nikieleza jinsi nilivyofurahi kumsikia mtu akichunwa ngozi.

Grupu lilikuwa na watu sitini na wanne.

Wanne kati yao walikuwa wainjilisti.

Subiri kwanza, usinihukumu. Au nihukumu tu, wenzako walishaanza.

Naitwa Sosthenes. Ni fundi wa kuchomelea hapa Babati mjini, karakana yangu iko upande wa Bonga, barabara ya Dodoma. Mageti, madirisha, stendi za matenki. Ukiona geti lenye maua ya chuma yaliyopinda kidogo kushoto, ujue ni la kwangu. Nawaambia wateja ni mtindo.

Nina ugonjwa mmoja. Nasikiliza metali.

Sisemi vyuma ninavyochomelea. Ni muziki. Ule wa magitaa yanayonguruma, dramu kama mvua ya mawe juu ya bati, na mtu anayeimba kama amemeza msumeno.

Aliyeniambukiza ni Sadallah, tuliyesoma naye ufundi Arusha. Siku hizi anauza kava za simu karibu na stendi, ana mke, ana ndevu za heshima, muziki huo alishauacha. Yeye alipona. Mimi nikaendelea.

Karakana hakuna aliyewahi kushtuka. Siku moja umeme ulikatika mji mzima, mteja akaniuliza, "Fundi, mbona umeme hakuna na grinda lako bado linakata?"

Ilikuwa solo ya gitaa.

Sasa, kusikiliza tu ingekuwa nafuu. Mimi ni mchambuzi.

Nina grupu langu linaitwa Masikio ya Chuma. Wanachama kumi na mmoja, wawili kati yao ni laini zangu mwenyewe. Kila albamu mpya ikitoka huko duniani, naisikiliza, halafu natuma sauti: nasifu, naponda, natoa maksi kwa kumi. Hakuna aliyeniomba. Lakini ukinisikia ninavyoongea utadhani ni jaji wa Mahakama ya Rufani.

"Wapiga dramu wa siku hizi hawana subira."

Mtu mwenyewe hata filimbi sijui kupuliza.

Wiki ile zilikuwa zimetoka albamu tatu kwa mpigo. Majina ya bendi siwezi kuyatamka kwa hiyo nayatafsiri. Ya kwanza ilikuwa ya jamaa ninaowaita Wachuna Ngozi, dakika arobaini na mbili bila kupumua. Ya pili, Mazishi ya Mfalme: hao wanapiga taratibu kama lori la mahindi linapanda Mlima Magara, wimbo mmoja unamaliza nusu saa. Ya tatu ilirekodiwa na mtu mmoja, nadhani ndani ya tenki la maji.

Nilikuwa katikati ya geti la mteja. Nimevaa miwani myeusi ya kuchomelea. Nikashika simu, nikabonyeza grupu la juu kabisa, nikaanza.

Miwani ile, ndugu yangu, huoni hata jua.

Nikasema hivi, na nanukuu kwa sababu Natalia bado anayo kwenye simu yake:

"Wakuu, jana nimesikia watu wakichunwa ngozi dakika arobaini na mbili, na sikutaka iishe. Yule anayepiga makelele mwanzoni, ah, safi sana! Halafu nikaenda kwenye Mazishi. Wanazika polepole, hawana haraka, yaani unalisikia jeneza linavyoshuka. Nimewapa nane. Tena ingekuwa amri yangu, hawa ndio wangekuja kupiga kwenye harusi yangu, wageni wote watoke ukumbini wanavuja damu masikioni."

Nikacheka mwenyewe. Nikatuma.

Nilipovua miwani, juu ya simu nikaona maandishi: KAMATI YA HARUSI SOSTHENES NA NATALIA.

Aisee.



Nikakimbilia kufuta. Mikono ina grisi, simu inanipa machaguo mawili: futa kwa wote, au futa kwangu tu.

Nikabonyeza kwangu tu.

Kwa hiyo mimi ndiye mtu pekee kwenye grupu lile ambaye hangeweza kuisikia tena.

Zikapita dakika tatu. Kisha mzee mmoja wa upande wetu, ambaye hujibu kila kitu bila kufungua, akaandika: "Amina. Mungu atende."

Shangazi Marietha, dada yake marehemu baba yake Natalia, akaweka mikono ya kuomba. Mmoja. Miwili. Akaendelea mpaka ikajaza skrini.

Kisha likaja la kunimaliza kabisa:

"Elibariki amekutoa."

Mimi. Bwana harusi. Nimetolewa kwenye grupu la harusi yangu.

Elibariki ni baba mdogo wa Natalia na mwenyekiti wa kamati. Mzee amenyooka kama rula. Baba yake Natalia alifariki zamani, kwa hiyo huyu ndiye niliyempelekea barua ya posa. Alinirudishia mara ya kwanza kwa sababu niliandika tarehe vibaya.

Simu ikaita. Natalia.

Natalia anafundisha darasa la pili. Akikasirika hapandishi sauti. Anakuwa mpole, na ule upole ndio unaotisha.

"Sosthenes."

"Naam."

"Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama."

"Kaa."

Nikakaa. Juu ya chuma nilichotoka kukichomelea.

Sitaeleza nilivyopiga kelele. Natalia alidhani nimeanza kuimba.

"Baba mdogo ameitisha kikao," akasema nilipotulia. "Jumamosi, saa nne, nyumbani Singe. Anasema uende ukaeleze wewe ni mtu wa namna gani. Asiporidhika, barua inarudi."

"Inarudi vipi? Si waliipokea?"

"Sosthenes, umesema unataka shangazi zangu wavuje damu."

Nikaacha habari ya barua. Kwa sababu kweli nilisema.

Mchana nikaenda kwa Sadallah. Alisikiliza habari yote akiwa amelalia meza ya kava zake, anacheka mpaka machozi.

"Mwanangu, kana," akaniambia. "Sema simu iliibiwa."

"Sauti ni yangu."

"Basi sema ulikuwa na homa. Lakini nakuomba kitu kimoja, Sosi. Usiende kuwaelimisha."

"Kivipi?"

"Nakujua wewe. Utabeba spika."

Jumamosi nilibeba spika.

Nilikuwa na mpango, na nauona bado ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Kuna albamu moja ilitoka mwezi wa tatu, ya mtu mmoja tu, jina nimelitafsiri Chumba Kitupu. Dakika nne za mwanzo ni gitaa laini na sauti ya mvua. Hata mtoto analala. Nilipanga niwaonjeshe dakika tatu na nusu, nizime, niseme, "Mmeona? Ndio huu tu." Halafu tunywe chai.

Baada ya dakika ya nne ndipo mtu anaanza kupiga kelele. Lakini hapo tusingefika.

Albamu yenyewe hata sikuipenda. Nilishaiponda Masikio ya Chuma. Nikasema mwimbaji hana mpangilio, analia ovyo kama mtu kabanwa kidole na mlango, na mashairi ni ya kawaida sana. Nikampa mbili kwa kumi.

Walikuwa uani, viti vya plastiki kwenye duara. Elibariki na daftari lake. Shangazi Marietha na Biblia. Natalia, hanitazami. Na mama yake.

Mama mkwe wangu anaitwa Mama Melkiadi. Ametokea kwa watu wa Mbulu, juu huko, ana shamba la mahindi na mbaazi analolima mwenyewe, na ni mzee wa kanisa. Melkiadi alikuwa mtoto wake wa kwanza, kaka yake Natalia. Miaka mitatu iliyopita alikwenda kuvua ziwani, kiboko akapindua mtumbwi. Wenzake wawili waliogelea.

Ndivyo nilivyomfahamu Natalia, kwa kweli. Alikuja karakana kuagiza msalaba wa chuma wa kaka yake. Nikachukua vipimo. Siku nzima nikawaza macho yake, sikumuuliza hata anaendeleaje.

Mama Melkiadi hakulia msibani. Watu wanasimulia hilo kwa sifa. Alipanga wapishi, akapokea wageni, akaongoza nyimbo. Mchungaji alimtolea mfano kanisani: mama wa imani, mmemwona? Hakulia siku ile, na Natalia anasema hakulia baadaye. Ila aliacha kuongea. Chai ipo, shikamoo marahaba, mvua imechelewa, basi.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakajibu. Elibariki akafungua daftari.

"Kijana, tumesikia sauti yako. Tumeirudia mara mbili, tusije tukakuonea. Nani aliyechunwa?"

"Hakuna, baba. Ni jina la bendi."

Akaandika. "Na jeneza?"

"Ni gitaa la besi, baba."

Akaandika tena, taratibu. Shangazi Marietha akafunga macho, midomo inacheza.

"Wazazi wangu," nikasema, nikasimama, "naomba msikilize wenyewe."

Nikamwona Natalia anatikisa kichwa. Hapana, hapana. Nikadhani ananitia moyo.

Nikawasha spika.

Gitaa likaanza, taratibu. Mvua. Kuku wakaendelea kudonoa. Dakika ya kwanza, ya pili. Shangazi Marietha akafungua jicho moja. Elibariki akaweka kalamu chini.

"Mbona huu ni mzuri," akasema. "Unafanana na wa kutafakari. Huyu ni wa dhehebu gani?"

Ndugu yangu, hapo ningejibu sijui nikazima, leo nisingekuwa na hadithi.

Lakini nilikuwa nimeulizwa. Miaka kumi nachambua, hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali. Nikavimba. Nikaanza.

Nikaeleza historia. Nikaeleza nchi za baridi. Nikaeleza tofauti ya metali nyeusi na metali ya mauti, mbele ya mzee aliyekuja kuhakikisha siabudu mauti. Nikaeleza namna ya kurekodi gitaa ili lisikike liko mbali. Mikono juu, kama nahutubia mkutano.

Dakika ya nne ikafika mimi niko kwenye historia.

Yule mtu akapiga kelele.

Kuku walitawanyika hadi barabarani. Chai ya Shangazi Marietha ikamwagikia Biblia. Elibariki aliinuka na kiti, kiti kimemng'ang'ania nyuma. Mbwa wa jirani akajibu.

Nikaruka kuzima. Nimeshaigusa spika, nikasikia:

"Acha."

Ilikuwa sauti ya Mama Melkiadi.

"Mama, samahani sana, huu..."

"Nimesema acha, baba. Usizime."

Nikaacha.

Yule mtu akaendelea. Sio kuimba, ni kulia, kwenda juu, kukatika, kuanza tena. Kila nilichokisema kwenye uchambuzi wangu kilikuwepo: hakuna mpangilio, hakuna mapigo, pumzi inamwishia katikati. Mama Melkiadi alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti, anasikiliza kama mtu anayepewa maelekezo ya njia.

Elibariki akabaki amesimama.

Wimbo ulipokwisha akainua uso.

"Huyu amefiwa," akasema.

Sasa sikia nilichofanya. Nilimbishia.

"Hapana, mama," nikasema, tena kwa kutabasamu kitaalamu. "Ule ni mtindo wa kuimba. Wanajifunza. Sauti wanaisukuma kutoka hapa." Nikajishika tumbo, nikamwonyesha.

"Ni mtoto," akaendelea, kama vile sijasema kitu. "Sio mzazi wake, wala sio mke. Mzazi nimemlilia, namjua anavyoliliwa. Huyu amezika mtoto."

"Mama, kitaalamu..."

"Sosthenes," akasema Natalia. "Nyamaza."

Akaja akachukua simu yangu mkononi. Akafungua ukurasa wa ile albamu, akashuka chini kabisa, kule kwenye maandishi madogo ya Kiingereza ambayo mimi sijawahi kuyafikia maana huwa nina haraka ya kutoa maksi.

Akasoma kimya. Halafu akamtafsiria mama yake, neno kwa neno, kwa ile sauti anayowasomea watoto wa darasa la pili:

"Nimeirekodi kwa siku mbili, kwenye chumba cha kijana wangu. Ameondoka akiwa na miaka kumi na tisa. Sikuweza kuandika mashairi. Hakuna neno lolote kwenye albamu hii."

Hakuna neno lolote.

Na mimi nilisema mashairi ni ya kawaida sana.

Nimewahi kuaibika mara nyingi maishani. Niliwahi kufunga geti la mtu likafungukia nje, likaziba barabara ya mtaa. Lakini aibu ya siku ile haikuwa ya usoni. Nilitamani nitolewe kwenye uwanja ule kama nilivyotolewa kwenye grupu.

Mama Melkiadi akasimama. Akakaza kanga yake, akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye shamba la mbaazi.

Tukamsikia.

Sijui niandikeje hapa. Mimi ndiye mtu wa kueleza sauti, nimejaza simu za watu kwa kueleza sauti, na ile siwezi. Ilianza chini, kama mtu anayenyanyua mzigo. Kisha ikafunguka.

Majirani wakatoka. Mwanamke mmoja akaja mbio mpaka kwenye mchongoma, akauliza kuna msiba gani.

"Wa Melkiadi," akasema Natalia.

"Si ni miaka mitatu?"

"Ndio. Leo ndio unaliliwa."

Shangazi Marietha akafanya kuinuka. "Jamani, aende mtu akamtulize, atajiumiza. Mama wa kanisa halii hivi."

Elibariki naye akageuka kuelekea nyuma ya nyumba. Natalia akamzuia kwa mkono.

"Baba mdogo, kaa. Nakuomba. Mwacheni amalize."

Mzee akakaa. Akalitazama daftari lake muda mrefu. Baadaye nikaona tone limedondoka juu ya wino, neno "besi" likavimba na kufutika. Shangazi Marietha akamshika mkono kaka yake, na wao pia wakaanza.

Mimi nilikaa chini, kwenye vumbi, na spika yangu mapajani. Nikawaza yule binti aliyekuja kuagiza msalaba, amesimama mlangoni kwangu na karatasi ya vipimo. Nilimuuliza, "Urefu gani?" Nikamuuliza, "Rangi?" Sasa, pale uani, nikamgeukia nikamwambia polepole:

"Natalia, pole na kaka yako."

Akanitazama. "Umechelewa miaka mitatu."

"Najua."

"Haya," akasema. Akakaa vumbini na yeye.

Mama Melkiadi alirudi jua likiwa karibu na utosi. Amenawa uso, macho yamevimba, kanga imelowa kifuani. Akakaa kwenye kiti chake. Akaomba chai, akaambiwa imepoa, akasema leteni hivyo hivyo.

Akanywa. Sisi tunamtazama kama tunasubiri matokeo ya mtihani.

"Melkiadi," akasema, "alikuwa mchoyo wa ndizi."

Akapiga funda jingine.

"Mchoyo kabisa. Anakula vingine vyote na wenzake, ila ndizi anaficha. Siku moja alificha kichane kizima ndani ya begi la shule, akasahau wiki mbili. Mwalimu alimrudisha nyumbani, darasa zima limeshindwa kukaa."

Elibariki akaanza kucheka. Cheko la puani, la mtu asiyetaka. Kisha Natalia. Kisha wote, mpaka yule jirani wa kwenye mchongoma.

Akatueleza na kisa kingine, cha viatu. Akatueleza alivyojifunza kuogelea, na hapo akasimama kidogo, akameza chai, akaendelea. Tulikaa mpaka saa nane. Natalia aliniambia baadaye kwamba mji mzima ulikuwa unalitaja jina la Melkiadi kila siku kwa kumwita mama yake, ila mama mwenyewe hakuwa amelitamka tangu mazishi.

Kesi yangu hakuna aliyeikumbuka. Nilipokuwa naaga ndipo Elibariki akanishika bega.

"Kijana. Harusini, hapana."

"Ndio, baba."

"Hata dakika nne za mwanzo."

"Nimeelewa, baba."

Akafikiri kidogo. "Na huyo mzazi mwenzetu, unaweza kumpata? Mpe pole ya hapa."

Usiku haujaingia nilikuwa nimerudishwa kwenye grupu. Yule mzee wa upande wetu akaandika, "Amina."

Tulifunga ndoa mwezi wa tisa. Kwaya iliimba, kila mtu alitoka na masikio yake salama.

Yule mtu wa Chumba Kitupu nilimwandikia, Natalia akanisaidia Kiingereza. Nilimwambia kuna mama huku Babati, mkulima wa mbaazi, alikusikia na akakuelewa, na familia inakupa pole. Hajajibu mpaka leo. Simlaumu, labda na yeye ana siku zake za kutotaka kuongea na watu.

Masikio ya Chuma nikafuta uchambuzi wangu wa zamani, safari hii kwa wote. Nikawaambia sitoi tena maksi. Wanachama watatu wakajitoa, wakisema nimelainika. Mmoja wao ilikuwa laini yangu ya pili, nilishasahau kwamba nilimwachia shemeji aitumie.

Bado nasikiliza. Bado mageti yangu yanapinda kushoto. Ila siku hizi, kabla sijamwambia mtu kwamba analia vibaya, namuuliza kwanza analilia nini.